Sura ya Tano: Shina Usilitupe

Kindu haina shida ya mvua wala ya jua. Mji huu mkuu wa mkoa wa Maniema, nchini Kongo, uko karibu na nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwenye kingo za mto Lualaba, na mvua huunyeshea sehemu kubwa ya mwaka. Kuanzia Juni hadi Agosti ndipo inapopungua. Shida ya Kindu ni njia. Kutoka kusini, mzigo huja kwa reli ya Kongolo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 355, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Treni ikikwama, na chakula kimekwama. Upande wa kaskazini, mto unapitika kwa zaidi ya kilomita 300 hadi Ubundu, kisha maporomoko yanaikata safari, na anayekwenda au anayetoka Kisangani hana budi kuuhamishia mzigo kwenye kipande kingine cha reli, kilomita 125. Barabara za msituni huliwa na mvua ileile inayostawisha mashamba. Inabaki ndege, na nauli ya ndege kila mpishi huilipa anaponunua fungu la vitunguu sokoni.

Watu wazima wa mji huu wanajua njia zikifungwa inakuwaje. Mwaka 2002, wakati wa vita, wapiganaji wa Mai-Mai waliuzunguka mji na watu wakashindwa kwenda mashambani. Muhogo ulikuwa ardhini, lakini kati ya mtu na muhogo wake palikuwa na bunduki. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipotekwa na waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na miji iliyozoea kupokea bidhaa za Kivu kwa ndege ikalazimika kutafuta pengine.

Sura hii inahusu chakula kisichongoja treni. Kinaanzia jikoni, kwenye vile vitu ambavyo kila jioni hufagiwa na kutupwa shimoni: mabua ya matembele baada ya majani kuchumwa, tako la kitunguu, kisiki cha kabichi, kichwa cha nanasi, kipande cha tangawizi kilichoanza kunyauka. Baadhi ya vitu hivyo vimekufa, na mahali pake ni kwenye mboji au mbele ya mbuzi. Vingine bado vina uhai, tena uhai wenye haraka. Mtu anayeweza kuvitofautisha ana mbegu mkononi kila anaposhika kisu, na katika mji ambao njia zake hazitegemeki, kuwa na mbegu yako mwenyewe ni sehemu ya usalama wa nyumba.

Elimu iliyokuwapo

Hakuna haja ya kuleta elimu hii Maniema kama jambo jipya. Hakuna mama wa Maniema anayepanda muhogo kwa punje. Hukata mti, huuchomeka ardhini, na miezi inayofuata hupata majani ya sombe kwanza, kisha mizizi. Ndivyo muhogo ulivyosafiri tangu ulipofika Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16 hadi mwambao wa Atlantiki, na kutoka huko ukaingia bara ukiwa vipande vya miti mikononi mwa watu, kijiji hadi kijiji. Ndizi nazo zilienea hivyohivyo, kwa machipukizi ya kwenye kisiki, kwa kuwa ndizi tunazokula hazina mbegu inayoota.

Mpunga ulikuja kwa njia nyingine. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 walileta kilimo chake pamoja na lugha hii tunayoiandika, na mpaka leo Maniema ni nchi ya mchele. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa kando ya mto, na wauzaji wengi walikuwa wanawake waliovuka kwa mitumbwi na mazao yao. Julai 1871 mpelelezi David Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara hao wakiwafyatulia risasi wanawake hao wakiwa sokoni, na wengi wakafa kwa risasi na kwa maji. Kulisha mji katika nchi hii ni kazi ambayo wanawake wameifanya kwa zaidi ya miaka 150, nyakati nyingine kwa kuhatarisha roho zao. Inafaa kulikumbuka hilo kabla mtu kutoka mbali hajaja kuwafundisha kupanda mboga.

Kisha ikaja pamba. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliweka kilimo cha lazima mwaka 1917, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Mkulima alitumia siku zake kwenye zao lisiloingia chunguni, kwa bei aliyopangiwa na mwingine. Zao la karibu na jiko lina sifa iliyo kinyume kabisa: anayelipanda ndiye anayelila, na hakuna anayempangia bei.

Kwa hiyo elimu ya kupanda kwa kipande ipo shambani. Kinachopendekezwa hapa ni kuisogeza karibu, iingie ndani ya ua, hadi kwenye beseni la kuoshea mboga.

Jua ulichoshika

Mmea haumalizi kujijenga. Mtoto wa mtu huzaliwa na mikono miwili na hapati wa tatu. Mti huongeza matawi maisha yake yote. Sababu ni kwamba mmea hubakiza mahali maalumu pa seli changa zinazoendelea kugawanyika: kwenye ncha ya shina, kwenye ncha ya mzizi, na kwenye kila kifundo ambapo jani hukutana na shina. Wakulima huviita vifundo hivyo macho, na ndipo chipukizi hutokea. Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alisema kwamba kwa nadharia seli moja tu ya mmea ingeweza kuzaa mmea mzima. Mwaka 1958 F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha jambo hilo kwa karoti: kutokana na seli za mzizi wake zilizokuzwa maabara, ilipatikana mimea kamili ya karoti.

Jikoni hatuna maabara, kwa hiyo tunategemea macho yaliyokwisha kuwapo. Ndiyo sababu swali la kwanza la kujiuliza ni hili: nilichoshika ni shina, ni mzizi, ni majani au ni mbegu?

Muhogo tunaopikia ugali ni mzizi usio na jicho. Ufukie, umwagilie, ungoje: utaoza. Mti wake ndio wenye macho, na mti hauji sokoni pamoja na mizizi. Ni lazima uombwe shambani. Kiazi kitamu nacho ni mzizi, lakini mzizi wenye uwezo wa kutoa machipukizi kwenye ngozi yake. Ukikiweka kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki chache kitatoa mashina mengi, na kila shina linaweza kukatwa na kupandwa peke yake. Kiazi ulaya ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na vile vishimo kwenye ngozi yake ni macho ya kweli. Hata hivyo kinapenda usiku wa baridi, kama wa milima ya Kivu. Katika joto la Kindu kitatoa majani mengi na viazi vichache mno. Majani yake hayaliwi. Kiazi chenyewe kikigeuka kijani kimejaza sumu iitwayo solanini, na hapo kisiingie chunguni.

Karoti huwadanganya wengi. Ukikata kichwa chake na kukiweka kwenye kisahani cha maji, majani mazuri hutoka baada ya siku chache, na mtu huanza kungoja karoti mpya chini. Haitakuja. Mzizi ule ulikuwa akiba ya mmea, na akiba ikishaliwa hairudi. Kilichobaki juu ni shina fupi linaloweza kutoa majani tu. Majani hayo yanafaa kutiwa kwenye mchuzi, na hesabu iishie hapo.

Kitunguu kinahitaji maelezo zaidi, maana ndicho kilicho ghali. Kitunguu ni majani yaliyonenepa, yakakaa juu ya shina fupi sana, lile duara gumu la chini lenye vijizizi. Ukilikata duara hilo pamoja na sentimita 2 za nyama yake na kulipanda, litatoa majani mabichi. Kitunguu kikubwa cha mviringo ni jambo jingine, kwa sababu mmea huamua kutunga kitunguu kwa kupima urefu wa mchana. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 au zaidi kidogo mwaka mzima, na aina zilizozoea michana mirefu ya nchi za kaskazini hazitungi hapa hata zikitunzwa namna gani. Majani utayapata, na majani ya kitunguu yana ladha ya kutosha kuungia samaki wa Lualaba.

Mboga za kuanza nazo

Anza na matembele, majani ya kiazi kitamu. Ukinunua fungu sokoni, chuma majani na vikonyo laini kwa ajili ya chungu, kisha yatazame mabua yaliyobaki. Bua lenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 na vifundo vitatu au vinne linatosha. Lilaze kwenye udongo uliolowa, vifundo viwili viwe chini ya ardhi na ncha iwe juu. Katika wiki moja huwa limeshika mizizi, na baada ya wiki tatu au nne unaweza kuanza kuchuma. Usichume yote kwa mara moja. Acha ncha kadhaa ili mmea uendelee kupumua na kutambaa. Majani haya yana kiasi kikubwa cha kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ambayo watoto wengi wa nchi yetu wanaikosa. Yakipikwa na mawese mwili huyafaidi zaidi, kwa kuwa kirutubisho hicho huyeyuka kwenye mafuta. Mapishi ya Maniema yamelijua hilo tangu zamani.

Nderema, mboga yenye majani manene yanayoteleza, huota kwa bua vivyo hivyo. Mabua yake yamejaa maji na hushika mizizi haraka, kisha hupanda uzio wenyewe. Katika ua mdogo hiyo ni faida kubwa: mboga inakwenda juu badala ya kumaliza ardhi. Ngai-ngai, ile yenye ukali mdomoni, nayo hukubali kupandwa kwa kitawi kilichokomaa kidogo. Kikate chini ya kifundo, ondoa majani ya chini na ukichomeke kivulini mpaka kianze kuchipua.

Lenga-lenga, yaani mchicha, mara nyingi huuzwa ikiwa imeng'olewa pamoja na mizizi. Ukiipata hivyo, usikate mizizi na kuitupa. Chukua majani, acha shina la sentimita 10 hivi na jicho moja au mawili, na uirudishe ardhini siku ileile kabla mizizi haijakauka. Si kila shina litapona, lakini yatakayopona yatachipua pembeni. Lenga-lenga unayoipanda mwenyewe ni bora kuikata kuliko kuing'oa: kata juu ya vifundo vya chini, na itatoa matawi mapya ya kuchumwa tena. Acha mmea mmoja utoe maua na mbegu. Mbegu zake ni ndogo sana, na kichwa kimoja kinatosha kujaza tuta.

Vitunguu majani na poro ndivyo vinavyowafurahisha watoto, kwa kuwa ukuaji wake unaonekana kwa macho. Bakiza sentimita 4 au 5 za sehemu nyeupe yenye mizizi, simamisha kwenye glasi yenye maji kidogo, na baada ya siku mbili utaona kijani kikisukuma kutoka katikati. Maji, hata hivyo, hayana chakula. Mmea unaokua kwenye glasi unakula akiba yake, na ukikatwa mara mbili au tatu akiba huisha na majani huja membamba. Kabla ya kufika hapo uhamishie kwenye udongo, nao utaishi miezi mingi. Seleri hufuata njia hiyohiyo: tako lake kwenye maji siku chache, kisha udongoni, kwenye kivuli.

Kabichi hupandwa kwa mbegu, lakini kisiki chake hakijafa. Anayelima kabichi asikate na kung'oa. Akate kichwa tu, aache kisiki na majani ya chini, na kwenye vifundo vitachipua vichwa vidogo na majani yanayofaa kupikwa. Kisiki cha kabichi ya sokoni kitatoa majani machache kisahanini, basi.

Vile vinavyotaka subira

Tangawizi ni shina la chini ya ardhi. Kipande cha sentimita 3 hadi 5 chenye jicho moja au mawili yaliyoanza kuvimba kinatosha. Acha sehemu iliyokatwa ikauke siku moja au mbili ili isioze, kisha ifukie sentimita 5 ndani ya udongo uliolegea, mahali penye kivuli cha nusu siku. Itachukua miezi 8 hadi 10 kukomaa, ingawa unaweza kuchokoa pembeni na kuchukua kidogo mapema. Tangawizi inapenda joto na unyevu, na Kindu ina vyote viwili. Ni zao linaloweza kutoka kwenye ua wa mtu na kwenda sokoni.

Nanasi linataka moyo mpana zaidi. Zungusha kichwa chake mpaka kitoke, bandua majani madogo ya chini, kiache kikauke siku mbili au tatu, kisha kipande. Kutoka kwenye kichwa mpaka kula tunda ni miezi 18 hadi 24. Machipukizi ya ubavuni mwa mnanasi huzaa mapema kuliko kichwa, kwa hiyo ukiwa na jirani mwenye minanasi, omba hayo. Majimbi huota kwa kipande cha juu, pale majani yalipoungana na kiazi. Kata sentimita chache za kiazi pamoja na vikonyo vifupi, na upande mahali maji hayakauki haraka.

Nyanya na pilipili tunazirudisha kwa mbegu. Chagua tunda lililoiva kabisa, kutoka kwenye fungu lenye afya. Mbegu za nyanya zimefunikwa na utelezi unaozuia kuota. Ziache kwenye kikombe chenye maji kidogo siku mbili au tatu mpaka utelezi uchache na kuachia, zioshe na uzianike kivulini. Mbegu za pilipili hazihitaji hayo, anika tu. Nyanya za chotara zinazouzwa na makampuni ya mbegu hazizai watoto wanaofanana nazo, lakini aina za kienyeji, zile ndogo zenye maji mengi, hurudi vilevile mwaka hadi mwaka.

Udongo, majivu na maji

Mvua nyingi ya Maniema ina gharama yake: huosha chakula cha mimea na kukipeleka chini ambako mizizi haifiki. Udongo mwekundu wa Kindu hutoa mavuno mazuri mara ya kwanza, kisha huchoka. Ndiyo maana mabaki ya jikoni yasiyoota ni lazima yarudi ardhini. Maganda ya muhogo na ndizi, majani yaliyooza, takataka za mboga: yachimbie shimo pembeni au yarundike chini ya majani ya mgomba, yageuze kila baada ya wiki moja au mbili, na katika joto hili baada ya miezi miwili au mitatu yatakuwa udongo mweusi.

Mji wetu una vitu viwili ambavyo miji mingi haina. Cha kwanza ni pumba za mpunga kutoka kwenye mashine za kukoboa. Zikichanganywa na mboji hulegeza udongo mzito, na mizizi ya tangawizi na matembele hupenya bila taabu. Cha pili ni mikungu mitupu ya michikichi, ile inayobaki baada ya ngazi kutolewa. Majivu yake yana potasiamu nyingi, na hupunguza ukali wa udongo uliooshwa na mvua. Konzi moja au mbili kwenye tuta zinatosha, yakizidi huunguza. Samadi ya kuku iachwe ikae angalau mwezi mmoja kabla ya kutumiwa, maana ikiwa mbichi huua miche.

Asiye na ardhi atumie chombo. Bidoni kuukuu lililokatwa juu, beseni lililopasuka, mfuko wa mchele: vyote vinafaa vikitobolewa chini ili maji yatoke. Vyombo vilivyobeba dawa za wadudu, rangi au asidi ya betri visitumike hata vikioshwa mara kumi. Wakati wa mvua kubwa, nyanyua matuta na uyawekee kivuli cha makuti, kwa kuwa matone mazito huvunja miche na kulowesha mizizi mpaka ioze.

Kuhusu maji kuna mambo mawili yasiyofaa kupuuzwa. La kwanza ni mbu. Glasi ya kitunguu ikisahauliwa dirishani ni mahali pa mbu kutaga mayai. Katika joto letu yai huhitaji wiki moja hivi kufikia kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo kubadilisha maji na kuosha chombo kila baada ya siku mbili hukata mzunguko huo, na pia huzuia mmea kuoza. La pili ni kipindupindu, ambacho kimerudi mara kwa mara katika mkoa huu. Usimwagilie mboga kwa maji ya mtaro, usipande kwenye mteremko wa choo, na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi.

Ugonjwa husafiri na mche

Kupanda kwa kipande kuna hatari yake, na kila anayefundisha njia hii anapaswa kuisema. Mmea unaotoka kwenye bua ni mmea uleule: ladha ileile, nguvu ileile, na ugonjwa uleule. Ugonjwa wa batobato wa muhogo, unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, ulielezwa kitaalamu mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Nzi mweupe huueneza kutoka mti hadi mti, lakini mikono ya watu huupeleka mbali zaidi, kwa mafungu ya miti ya kupandwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 aina kali ya ugonjwa huo ilitoka Uganda, ikaharibu mashamba ya nchi nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki, na Kongo ikiwemo. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba uligunduliwa Masisi, Kivu ya Kaskazini, nao husafiri na machipukizi na visu visivyosafishwa.

Kwa hiyo sheria ni kuchagua kabla ya kukata. Usipande bua lenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka, hata kama ndilo pekee ulilonalo. Pitisha kisu kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine. Mche ukionekana mgonjwa baada ya kuota, ung'oe na uuchome. Usiutie kwenye mboji. Kila baada ya misimu michache tafuta miche mipya kwenye shamba lenye afya, kwa sababu matembele yanayokatwa na kupandwa tena bila kikomo hukusanya virusi na kupungua nguvu.

Hesabu ya kweli

Mabaki ya jikoni hayatalisha familia. Wanga utaendelea kutoka shambani: mchele, muhogo, ndizi. Anayeahidi kwamba glasi tatu dirishani zitamaliza njaa anawadanganya watu wenye njaa. Kile ambacho ua mdogo unaweza kukifanya ni kuweka majani mabichi kwenye sahani kila siku, kuondoa matumizi ya viungo kwenye pesa ya soko, na kuuhifadhi uzao wa mimea karibu na mlango, mahali ambapo bunduki ya msituni na treni iliyokwama havina usemi.

Kuna miji iliyothibitisha hayo. Kule Nairobi, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia familia za Kibera kulima mboga ndani ya magunia. Gunia lilijazwa udongo, mawe yakapangwa katikati ili maji yapite, na miche ikachomekwa juu na ubavuni. Katika mtaa usio na hatua moja ya ardhi tupu, watu walipata sukuma wiki na mchicha mlangoni mwao. Nchini kwetu, kuanzia mwaka 2000, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha za Ubelgiji iliwasaidia wakulima wa mboga wa mijini, Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi miongoni mwao. Kisangani iko upande mto unakoteremkia, Lubumbashi iko kusini kwenye mtandao uleule wa reli. Kindu iko kati ya miji hiyo miwili, ina mvua kama Kisangani, na haina sababu ya kubaki nyuma.

Wala si lazima kungoja mradi. Chagua mimea minne kwa mwaka wa kwanza: matembele na nderema kwa chungu cha kila siku, vitunguu majani kwa kuungia, tangawizi kwa pesa. Ikishika, ongeza. Na jirani akija kuomba bua moja, mpe matatu, umwonyeshe na namna ya kulilaza. Mbegu iliyo katika ua mmoja huweza kuliwa na mbuzi usiku mmoja, au kuzamishwa mto unapopanda. Ikiwa katika nyua kumi za Kasuku na Mikelenge, na nyingine ng'ambo ya mto huko Alunguli, siku utakayoipoteza utajua kwa nani pa kuikata tena.